Kuvua kwenye miamba ya Kigoma: mshipi wa mkono au fimbo, risasi au jiwe?

Jumamosi moja ya mwezi wa tisa nilishuka Bangwe saa kumi jioni nikiwa na chubwi nane za risasi mfukoni, vile vizito vya kuzamishia ndoano. Kufika saa mbili usiku nilikuwa nimebaki na moja. Samaki sina hata wa kuonja, na uzi wangu ulikuwa umepungua kama mita 40, vipande vyote vikiwa vimebaki chini kwenye mawe. Hatua kumi kando yangu alikaa mzee mmoja juu ya mwamba, ameshika kopo la maziwa lililozungushiwa mshipi, na pembeni yake singa wawili, samaki wa jamii ya kambare, wamelazwa kwenye majani mabichi.

Nikamsogelea. "Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, naona unalisha mawe vyuma."

Akaniita nikae. Kwenye mwisho wa mshipi wake hapakuwa na risasi. Palikuwa na jiwe la kawaida, refu kidogo, lenye kiuno katikati kama kibuyu, na limefungwa kwa kamba ya mgomba. Kamba hiyo alikuwa ameilowesha kwenye bati la maji ili iwe laini. Alilitupa jiwe, likazama, akasubiri. Baadaye mshipi ulipokwama hakuhangaika: aliuzungusha kwenye kopo mara tatu, akavuta moja kwa moja bila papara, kamba ya mgomba ikakatika kule chini, na mshipi ukarudi mzima na ndoano yake na chambo chake. Akaokota jiwe jingine.

Tangu usiku huo nimevua misimu mitatu kwa namna zote mbili, na za katikati pia: fimbo na mshipi wa mkono, nailoni na uzi wa kusuka, risasi na jiwe. Nalinganisha hapa kwa ajili ya mtu anayevua akiwa nchi kavu, juu ya miamba. Mwenye mtumbwi ana mambo yake, na mwenye ufuo wa mchanga hana shida yangu hii.

Miamba inadai nini

Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 pale lilipo refu zaidi kwenda chini, na kina hicho hakianzii katikati tu. Sehemu nyingi za ukingo wake zinaporomoka. Ukisimama kwenye miamba ya Bangwe au ile ya kuelekea Katonga, maji ya miguuni mwako unaweza kuyaona mawe yake yote mchana, lakini tupa chubwi umbali usio mkubwa na itashuka mpaka uchoke kuhesabu. Chini kote ni mawe juu ya mawe, na katikati ya mawe ni mapango, nyufa na vichochoro. Humo ndimo samaki tunaowataka wanamolala mchana.

Singa hutoka usiku. Sangala wakubwa nao husogea karibu na miamba giza likiingia, kuwinda samaki wadogo. Kuhe ni wa mchana, na humpati ndani ya mapango bali pale mawe yanapokutana na mchanga. Halafu kuna yule mrefu mwembamba mwenye safu ya miiba mifupi mgongoni, ambaye mimi namwita tu mkunga wa ziwani. Si mkunga wa kweli. Mkunga wa baharini, yule mkubwa anayevuliwa usiku kwenye miamba na magati ya kusini mwa Uingereza, hana magamba kabisa na anaweza kupita urefu wa mtu. Wa kwetu ana magamba madogo sana na wengi wao hawafiki urefu wa mkono wa mtu mzima. Ila tabia ya pangoni ni ileile: akishika chambo anarudi nyuma, na akishaingiza mwili kwenye ufa, umeshindwa.

Kwa hiyo mvuvi wa miambani ana maadui wawili: kukwama kabla samaki hajala, na samaki kuingia shimoni baada ya kula. Kila kifaa ninachokilinganisha hapa nimekipima kwa hayo mawili. Umbali wa kutupa, ambao ndio wauzaji wa vifaa wanaousifia, nimeuweka nyuma kabisa.

Tena jambo moja kwa wanaorudi Kigoma baada ya miaka mingi: ziwa limepanda. Mawe tuliyokuwa tukikalia utotoni sasa yamo majini, na sehemu iliyokuwa safi kutupia sasa ina miti iliyozama na kuta za vibanda. Usitupe kwa kumbukumbu. Nenda kwanza mchana, jua likiwa juu, ukatazame.

Mshipi wa mkono dhidi ya fimbo

Hapa watu hubishana kana kwamba ni Simba na Yanga. Mwenye fimbo anamwona mwenye kopo mshamba. Mwenye kopo anamwona mwenye fimbo anacheza. Kwangu jibu limo kwenye umbo la mwamba unaosimama.

Ukiwa juu ya mwamba uliokatika wima, maji marefu yakiwa miguuni, chukua mshipi wa mkono. Unashusha moja kwa moja. Mshipi haugusi jiwe lolote njiani mpaka chubwi itulie. Ukiupitisha juu ya kidole cha shahada unasikia kila kitu: kaa akidokoa unasikia mikwaruzo midogo isiyo na mpangilio, singa akinusa unasikia kama mtu anayesukuma mlango taratibu, kisha uzito. Na akishauma, unamvuta juu kwa mikono miwili, dhiraa kwa dhiraa, bila kitu chochote kati yako na yeye. Zile mita mbili za kwanza ndizo zinazoamua. Samaki akinyanyuliwa mita mbili kutoka chini hana shimo tena, amekuwa samaki wa maji wazi. Mkono unafanya kazi hiyo haraka kuliko mashine nyingi za bei nafuu za kukunjia uzi kwenye fimbo, ambazo ukizungusha mpini zinalia tu na uzi hauji.

Ukiwa mahali ambapo mawe yanateremka polepole kwenda ndani, mambo yanageuka. Hapo mshipi wa mkono unalala. Unapovuta, chubwi inakuja ikiburuzwa chini, inapita kila jiwe lililo kati yako na kilindi, na itakwama, si suala la bahati. Fimbo ndefu, ya mita tatu na nusu au nne, inainua uzi juu ya mawe ya karibu, na ukiinyanyua kwa nguvu huku ukizungusha mashine haraka, chubwi inapanda na kuja ikielea juu ya mawe. Pale ninapopoteza chubwi tano kwa mshipi wa mkono, kwa fimbo napoteza moja au mbili.

Lakini fimbo ina gharama zake ambazo hazitajwi dukani. Ncha yake inavunjika ukiteleza. Pete zake za kupitishia uzi hupata ufa zikigonga mwamba, na pete yenye ufa inakwangua uzi kama wembe bila wewe kujua. Mashine ikilazwa kwenye changarawe hata mara moja huanza kulia. Na kosa kubwa zaidi ni kuvuta mkwamo kwa kutumia fimbo. Nimeona vijana wawili wakivunja fimbo mpya kwa namna hiyo. Uzi ukikwama, ielekeze fimbo moja kwa moja kwenye uzi, kaza mashine, kisha rudi nyuma kwa miguu.

Ipo pia njia ya tatu ambayo watoto wa Kibirizi wanaijua vizuri kuliko sisi: mwanzi mrefu wa mita nne, na uzi wa urefu uleule uliofungwa nchani. Hakuna kutupa. Unatembea juu ya mawe unashusha chambo kwenye kila tundu, unasubiri dakika tano, unahama. Kwa singa wadogo na mkunga wa ziwani sijaona kitu kinachoishinda. Unapoinua unainua wima, kwa hiyo kukwama ni nadra. Mtu anayeanza, au mzazi anayetaka kumfundisha mwanawe, aanze na mwanzi na asione haya.

Uzi: nailoni nene au uzi wa kusuka

Uzi wa kusuka umeingia madukani na unapendwa kwa sababu ni mwembamba na una nguvu. Nailoni ya milimita 0.60 hubeba takriban kilo 20. Uzi wa kusuka unaobeba kiasi hicho ni kama nusu ya unene huo. Haunyumbuki karibu hata kidogo, kwa hiyo mdokoo wa samaki aliye mbali unafika mkononi palepale. Kwenye mchanga, au kwa mwenye kuvua maji wazi, sina la kuupinga.

Kwenye miamba umenitesa. Umesukwa kwa nyuzi nyingi ndogondogo, na ukisuguliwa kwenye ukingo wa jiwe ukiwa umekazwa, nyuzi hizo zinakatika moja baada ya nyingine ndani ya sekunde. Samaki anaondoka na ndoano mdomoni, wewe unabaki na manyoya manyoya mwishoni mwa uzi. Nailoni nene inakwaruzika, inakuwa na ukungu mweupe, lakini inakupa nafasi ya kumtoa samaki kwanza ndipo uikate kipande kilichoharibika.

Jambo la pili ni mkono wako. Mwaka jana nilikwama nikiwa na uzi wa kusuka, nikaufungia kiganjani mizunguko miwili, nikavuta. Uliingia kwenye kidole kama unavyokata sabuni kwa uzi. Niliona nyama nyeupe kabla damu haijatoka. Nilishonwa, na wiki tatu sikuweza kufunga ndoano. Nailoni ya milimita 0.70 nayo inaumiza ukiifungia mkononi, ila inaacha alama, haifiki kwenye mfupa. Uzi wowote ule, zungushia kipande cha kuni au chupa tupu ya plastiki ngumu, uvute kwa hicho. Na geuza uso. Chubwi ikifyatuka kutoka kwenye jiwe inarudi kwa kasi kuelekea mahali uzi ulikovutwa, na mahali penyewe ni kifua chako au jicho lako.

Anayependa sana uzi wa kusuka aufunge mbele yake mita tano au sita za nailoni nene, ili hiyo ndiyo inayolala kwenye mawe. Hilo linafanya kazi. Kwa mshipi wa mkono, hata hivyo, uzi wa kusuka usiuguse: haushikiki, na usiku huuoni.

Nailoni nayo ina ugonjwa wake, nao ni jua. Ile inayokaa juu ya kibao dirishani mwaka mzima huwa inaonekana nzima lakini imekufa. Ivute kwa mikono kabla ya kwenda. Ikikatika kwa mkupuo kavu, tupa yote. Usiitupe ziwani wala ufukweni, maana ndege na watoto wanaonasa humo hawana kosa. Ipeleke nyumbani uikatekate.

Risasi, jiwe, au nati ya lori

Kama unasoma haraka, soma hapa taratibu, maana fedha yako inapotelea hapa.

Risasi ni nzito kwa umbo dogo. Inazama haraka, inatupika mbali, haisukumwi na mawimbi. Jiwe ni kubwa na jepesi. Tuhesabu: chubwi ya risasi ya gramu 100 ikiwa ndani ya maji inabaki na uzito wa kama gramu 91. Jiwe la kawaida la gramu 150 likiwa ndani ya maji linabaki na kama gramu 93. Kwa hiyo ongeza nusu ya uzito na utapata kazi ileile chini ya maji. Anayesema jiwe halitulii alichukua dogo mno.

Tofauti iliyobaki ni ukubwa wa umbo. Jiwe hilo la gramu 150 ni kubwa zaidi ya mara sita kuliko ile risasi. Hewani linapepea na halifiki mbali. Kwa fimbo ni kero, na kulitupa kwa nguvu ni hatari kwa walio karibu. Lakini kwenye mapango ukubwa huo unageuka faida. Risasi ndogo inapenya ufa mwembamba na kujikaba humo kama kabari. Jiwe linakaa juu ya ufa. Nimejaribu sehemu moja, mwamba uleule, usiku uleule, na risasi ilikwama mara nyingi zaidi.

Kuna watu wanatumia nati kubwa za lori au plagi mbovu kutoka gereji. Chuma kinakaribia risasi kwa uzito na hakina sumu. Tatizo la nati ni tundu na kona zake, zinashika. Plagi ni afadhali, ni ndefu na nyembamba, ila isafishe mafuta kwanza. Maji haya ndiyo tunayochota kunywa.

Na kuhusu sumu niseme wazi kwa sababu naona watoto wakifanya: usibane risasi kwa meno, na usiyeyushe risasi ya betri kwenye sufuria ya nyumbani wala karibu na jiko la chakula. Madini hayo yanaingia mwilini na kukaa, na mtoto ndiye anayeumia zaidi, kichwani. Uingereza walipiga marufuku chubwi ndogo za risasi mwaka 1987 kwa sababu batamaji walikuwa wakizimeza na kufa. Nilipokumbuka zile saba nilizoziacha Bangwe usiku mmoja, sikupenda.

Lakini hata uchague kipi, siri ya yule mzee haikuwa jiwe. Ilikuwa ile kamba ya mgomba. Wavuvi wa mkunga wa baharini huko Uingereza wana ujanja uleule, kwa uzi mwembamba: mshipi mkuu una nguvu, uzi wa ndoano una nguvu, na kile kinachoshikilia chubwi ndicho dhaifu. Ukikwama, unapoteza chubwi peke yake. Na samaki akishanaswa na ndoano huku chubwi imekwama, unavuta, chubwi inabaki, samaki anakuja.

Nafunga hivi. Mwisho wa mshipi mkuu nafunga kipete kinachozunguka. Kutoka kwenye kipete hicho unashuka uzi wa ndoano, sentimita 40 hivi, wa nailoni ileile nene au nene zaidi. Kutoka kwenye kipete hichohicho unashuka uzi dhaifu wa chubwi, sentimita 60, mrefu kuliko wa ndoano ili ndoano ikae juu kidogo ya mawe. Mshipi mkuu ukibeba kilo 20, uzi wa chubwi uwe wa kilo 4 au 5, usizidi hapo.

Cha kutumia kama uzi dhaifu nimejaribu aina tatu. Nailoni nyembamba ni ya kuaminika, unajua itakatika wapi, lakini kila ukikatika unaacha plastiki ziwani. Uzi wa pamba wa kushonea, ukikunjwa mara nne au tano, unafaa na unaoza, ila usitumie ule wa poliesta, una nguvu kuliko unavyodhani. Kamba ya mgomba ndiyo ninayoipenda. Ikiwa kavu inavunjika ukiikunja, kwa hiyo iloweshe kama robo saa, ichane upana wa njiti ya kiberiti, funga jiwe kiunoni mara mbili. Udhaifu wake ni kwamba hailingani: moja itakatika ukiigusa, nyingine itakataa. Ijaribu kwa mkono kabla ya kushusha. Na haifai kabisa kwa kutupa kwa fimbo, jiwe litachomoka hewani na kwenda kichwani kwa mtu. Ukitumia fimbo, tumia nailoni ya kilo 5 na utupe kwa kubembeleza, bila kupiga mjeledi.

Ndoano na chambo

Ndoano moja. Tatu kwenye mshipi mmoja ni nafasi tatu za kukwama, na mbili kati yake zitashika jiwe wakati samaki yuko kwenye ya tatu.

Kati ya ndoano iliyonyooka na ile ya duara, ambayo ncha yake imekunjwa ndani, nimehamia ya duara, namba 2/0 au 3/0 kwa singa. Ncha iliyogeukia ndani haikwaruzi mawe ovyo, na mara nyingi inamshika samaki pembeni mwa mdomo, si tumboni, kwa hiyo mdogo unamrudisha akiwa hai. Gharama yake ni mazoea: usishtuke na kupiga. Ukipiga unamtoa mdomoni. Acha uzito uje, kisha anza kuvuta bila kukatisha. Waliozoea kupiga kwa nguvu itawachukua wiki kadhaa, na watakosa samaki katika wiki hizo. Na chambo kisijaze ule mdomo wa ndoano, vinginevyo haina pa kushikia.

Chambo: kipande cha mgebuka chenye ngozi, upana wa vidole viwili. Dagaa mbichi ni wazuri ila kaa wa mawe wanawamaliza kabla singa hajapata habari. Nyungunyungu ni kwa mwanzi na samaki wadogo. Utumbo wa kuku unakaa vizuri kwenye ndoano na unanuka, hilo tu ndilo la kuusifia.

Mchana au usiku

Kwa kuhe, asubuhi. Na ukiona kuhe wawili wakubwa wamekaa pamoja hawaondoki mahali, wanafukuza kila anayekaribia, wana watoto chini yao. Hao waache. Ukimtoa mmoja, vitoto vinaliwa kabla hujapanda mlima wa kurudi nyumbani.

Kwa singa na sangala, usiku, na nimepata zaidi usiku wa giza kuliko wa mbalamwezi. Ila usiku miambani si wa kwenda peke yako. Swila wa maji anaishi kwenye mawe hayahaya, anakula samaki na anapumzika kwenye nyufa. Hana ugomvi, lakini ana sumu, kwa hiyo usitie mkono kwenye tundu usilolimulika. Tochi iwe ya kichwani, mikono ibaki huru. Viatu viwe raba zenye meno, kandambili ziache nyumbani. Kuelekea mlango wa mto Luiche mimi sivui usiku kabisa, kwa sababu ya mamba na viboko.

Singa akitua, mshike nyuma ya kichwa ukikwepa miiba ya mapezi ya kifuani. Na ukitoa samaki mnene, laini kama soseji, hana pezi la mgongoni la mbele, midomo minene, usimguse. Huyo ni yule samaki anayepiga shoti ya umeme. Kata uzi.

Kabla ya yote, pita ofisi ya uvuvi ya halmashauri au kwa BMU, kile kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo, ya mwalo ulio karibu uulize leseni na tarehe. Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti, na aliyekuja likizo na fimbo zake kipindi hicho alizirudisha kama alivyozileta.

Nani achukue nini

Unayeishi Bangwe au Katonga, una mwamba wako wa wima na unatoka baada ya kazi kwa saa mbili: kopo, mshipi wa nailoni wa milimita 0.70, mawe, kamba ya mgomba, ndoano kumi za duara. Usinunue kingine mpaka mwaka uishe.

Unayetokea Tabora kwa treni, una siku tatu tu na hujui miamba: leta fimbo ndefu ya kuunganisha, maana hutachagua pa kusimama, utapewa palipo wazi. Weka nailoni kwenye mashine, uzi wa kusuka uache. Chubwi nunua hapahapa au beba plagi mbovu ishirini kutoka kwa fundi wako.

Mwenye fedha ya kitu kimoja kizuri tu, asinunue fimbo. Anunue nailoni nzuri na ndoano nzuri.

Mimi mwenyewe sasa nabeba vyote viwili, na mara nyingi fimbo inarudi haijafunguliwa. Mawe nayaokota njiani nikishuka, kumi na mbili, kila moja na kiuno chake, nayafunga nikiwa bado naona, na ile kamba ya mgomba naichana kutoka kwenye shamba la jirani, ambaye nimemwahidi singa wa kwanza wa kila mwezi.